Upande wa Chini wa Kochi

3 Machi

Mama Chiriku,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yetu. Mimi ni mzima. Mikono haitetemeki tena, na ushahidi ni mwandiko huu, ambao najua unauchunguza kabla ya kuusoma.

Nimetoka kituo cha kuacha pombe Jumatatu. Nimepanga chumba nyuma ya duka la nafaka: kitanda, dirisha, na jirani anayekoroma kama msumeno uliokosa mafuta. Nitakuandikia kama tulivyokubaliana. Ulisema kwenye simu husikilizi maneno yangu, unasikiliza ulimi wangu kama una pombe, na kwamba umeichoka kazi hiyo. Sawa. Karatasi haina ulimi.

Kazi nimepata, ila si useremala. Nasuka vikalio vya viti kwa henzerani, ule mmea unaochanwa kuwa nyuzi ndefu. Unailoweka mpaka ilegee, unaipitisha kwenye matundu ya fremu, unavuka, unarudi. Kiti kidogo mtu hukisuka peke yake. Kochi linataka wawili: mmoja juu anasukuma uzi, mwingine amekaa sakafuni anaupokea, anaukaza na kuurudisha. Aliye chini haoni ua linalotokea juu. Anaona mafundo tu. Mimi ndiye wa chini, kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi.

Kituo kimenipa msikilizaji. Hiyo ndiyo kanuni yao: kila anayetoka hupewa mtu aliyeacha pombe zamani, wa kumkimbilia hamu ikija. Asiwe ndugu, asiwe mke. Wangu ni mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni. Ananiita kijana, nami siringi.

Mbusu Chiriku.

Mumeo


11 Machi

Baba Chiriku,

Barua nimeipata. Ni kweli, niliangalia mwandiko kwanza. Herufi zimesimama wima, hazijaegemeana kama watu wanaotoka kilabuni. Nikashukuru, ndipo nikaanza kusoma.

Huku tuko salama. Hospitali imenunua mashuka mapya, na chumba chetu cha kushonea hakina hata pa kuweka kikombe. Chiriku anaongea tangu anapofumbua macho. Mwalimu wake amemhamisha dawati tena, safari hii amekaa peke yake, na bado anaongea. Jana aliniuliza: "Mama, baba akirudi atanuka nini?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema harufu ya baba anayoijua ni ya vanishi. Nikamwambia utanuka hivyo hivyo, kama fundi mwenye kazi zake.

Karakana nimeifagia. Randa nimezipaka mafuta zisishike kutu. Makopo ya vanishi yako rafuni kwa mpangilio, na spiriti ilikuwa inapungua, nimenunua nyingine ili ukirudi usianze kwa kukimbia dukani. Kila kitu kinakungoja. Basi huko kwenye henzerani unafanya nini? Fundi wa makabati kukaa chini ya kochi! Na huyo wa juu ni nani? Umeeleza habari za matundu na uzi, mtu hukumtaja.

Unarudi lini?

Mkeo


20 Machi

Mama Chiriku,

Huyo wa juu ndiye mwenye kazi. Mkali sana. Uzi ukilegea kidogo unafumuliwa wote, hata kama umebakiza mstari mmoja.

Msikilizaji wangu hajambo. Ananivumilia kuliko ninavyostahili.

Kuhusu kurudi, nipe muda. Sijamaliza kujifunza pindo. Usinune.

Mwambie Chiriku kunyamaza kidogo ni dawa, hata mimi nimeanza kuinywa.

Mumeo


14 Aprili

Bwana Fundi,

Salamu leo sina.

Ndugu yako amepitisha lori lake hapa Jumapili. Nilimwandalia chai, akakaa, akaanza kusifu.

"Shemeji, ndugu yangu amenawiri! Mashavu haya!"

"Umemkuta wapi?"

"Kibarazani kwa mama mmoja. Wanasuka kochi. Yule mama juu, yeye chini, wanacheka mpaka nikapiga honi mara mbili ndiyo wakaniona."

"Mama wa umri gani?"

"Aa, shemeji, mimi dereva. Naangalia barabara, siangalii umri."

"Ana meno yote?"

"Yote. Na anayatumia."

Kisha akatazama kikombe kana kwamba kikombe ndicho kilichosema. Nikamkamua mpaka akatoa yote: kwamba wanamwita Mama Viti, na kwamba yeye ndiye msikilizaji wako.

Uliniandikia msikilizaji wako hajambo. Hukuniandikia kwamba anavaa gauni. Yule mzee mpishi ulimpika wewe mwenyewe?

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho uliyocheka na mimi mpaka usisikie honi. Nimekumbuka harusi ya mdogo wangu. Chiriku alikuwa bado anatambaa.

Sikuulizi unarudi lini. Nakuuliza kama unarudi.

Mama wa mtoto wako


22 Aprili

Mama Chiriku,

Sikumpika. Mzee yupo, na nilipewa kweli. Siku chache baada ya barua yangu ya kwanza nilikwenda kumwamkia, nikamkuta amekaa mlangoni, kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Akaniambia, "Kijana, leo nisikilize wewe." Alikuwa ameirudia chupa. Niliondoka nikikimbia. Yule ndiye alikuwa ukuta wangu, na ukuta ulikuwa umelala.

Mara nyingi mwanamume husikilizwa na mwanamume, lakini kituoni hakukuwa na mwingine aliyebaki. Mama Viti ana umri wa dada yako mkubwa. Aliacha pombe zamani na hajarudi nyuma. Simu hana. Anasema simu ndiyo iliyokuwa ikimwita baa. Ukimtaka, unakwenda kibarazani, na ukifika anakupa uzi kabla hujafungua mdomo. Mimi uzi wake nilikuwa nimeushika tayari, kwani ndiye aliyenipa kazi tangu mwanzo.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utawaza ulichowaza. Nimekosa.

Lakini ungesikia ninayomwambia usingeona wivu. Si maneno ya mahaba. Ni uchafu mtupu: leo nimepita njia ndefu kukwepa duka fulani, leo nimemchukia mtu kwa sababu tu alikuwa na glasi. Hakuna mwanamke anayeweza kuyatamani maneno hayo.

Kurudi nitarudi. Bado kidogo tu.

Mumeo


30 Aprili

Baba Chiriku,

Hayo hayo ndiyo ninayoyatamani.

Maneno mazuri ulinipa ya kutosha. Ukilewa ulikuwa unasifu macho yangu mpaka majirani wanafunga madirisha. Kweli yako sijawahi kuionja, na sasa unaimwaga kibarazani kwa mtu ambaye hakukuvua viatu hata siku moja. Mimi nilikuvua. Mimi niliwaambia wenzangu kazini una homa ya matumbo, ukaugua homa ya matumbo mara nyingi hivi kwamba muuguzi mmoja akaomba uletwe wakuchunguze. Mimi nilimfundisha Chiriku kucheza nje unapolala mchana. Nimelima, nimepalilia, nimefukuza ndege. Mavuno kapewa Mama Viti.

Nimewaza na kuwazua. Kazini nikakata shuka upande usiopaswa kukatwa, jambo ambalo sijawahi kufanya. Mwisho nikaamua.

Ndugu yako anapita huko Jumatano. Nimempa sanduku lako la kazi. Humo mna randa zote mbili, patasi, misumeno, msasa, kopo la vanishi na chupa ya spiriti, nimeizungushia kitambaa chako cha kupakia ili isivunjike. Wewe ni seremala. Ukishika vyombo vyako utakumbuka wewe ni nani na wa nani. Kama ni lazima ujifunze huko kwanza, fanya kazi yako, si kazi yake. Tengeneza hata kabati moja, uliuze, upande basi uje.

Mei ikiisha hujaja, karakana nitaipangisha. Mtu akishaingia humo hatatoka kwa ajili yako.

Mkeo, mpaka hapo


19 Mei

Baba Chiriku,

Shemeji anasema sanduku alilikabidhi mkononi mwako, nawe hukumkaribisha hata maji.

Hujaandika. Nimekwenda posta mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama jibu ndilo hili, liandike. Nina haki ya kulisoma.

Mimi


24 Mei

Mke wa Fundi,

Mimi ndiye Mama Viti. Usiichane, soma kwanza, halafu uchane.

Msikilizaji haruhusiwi kutoa ya aliyemsikiliza. Mumeo amenipa ruhusa nieleze habari za sanduku tu. Yeye amejaribu kukuandikia siku nyingi, karatasi zinaishia jikoni kwangu, nawashia moto.

Ile Jumatano nilikuwa nimeloweka henzerani. Nikamwona anakuja na sanduku kichwani, jasho linamtiririka na jua halijawa kali. Chupa ilikuwa imevuja njiani. Sanduku zima lilinuka, kitambaa kimelowa, na yeye ameibeba harufu hiyo juu ya kichwa chake mtaa mzima. Alifika akasimama hapo kwenye ngazi. Akasema, "Mama, lipokee. Mikono yangu haitaki kuliachia."

Nikalipokea. Na mimi nikashindwa kuliachia.

Wewe unadhani mimi ni mlima. Mimi ni mlevi aliyenyamaza, dada yangu. Chupa ilikuwa na nusu. Yeye hakuweza kuimwaga, mimi sikuweza kuimwaga, kila mmoja alijua akigusa kizibo mambo yamekwisha. Tukaliweka sanduku katikati ya uwanja, tukarudi nyuma, mmoja huku mmoja kule, kama mbuzi waliofungwa kamba fupi. Nikamwita jirani, fundi viatu, aje atumwagie. Akauliza, "Mna watu wazima wawili hapo, mnaogopa chupa?" Nikamwambia ndiyo, tunaiogopa, mwaga. Akamwaga mtaroni, akachukua na kopo la vanishi, akasema atalipeleka mbali. Tulisuka mpaka jioni. Nilifumua kazi yake yote siku ile, naye akafumua yangu.

Hakunywa. Hilo nakuapia.

Kwa nini harufu ile ilimfanya vile, hilo ni lake kukueleza. Nimemwambia asipokueleza wiki hii asikanyage kibarazani.

Sasa langu. Najua una wivu na mimi. Na mimi nina wivu na wewe, tena wangu una mvi. Mumeo akipata barua yako ya hasira anaikunja mfukoni, anaitoa, anaisoma tena, anakunja. Mume wangu, nilipokuwa kituoni, hakuniandikia hata tusi. Nilitoka nikakuta mlango umepakwa rangi nyingine na mwanamke mwingine anaanua nguo. Ningepata barua moja tu ya kuniita mshenzi, ningeiweka kwenye fremu.

Mchukue mtu wako akiwa tayari. Simtaki. Anakoroga uzi.

Mama Viti


26 Mei

Mke wangu,

Haya ndiyo uliyoyatamani.

Kila jioni ulinipokea mlangoni ukanusa kinywa changu. Nilikuwa nanuka spiriti, nawe ukasema, "Ah, ni kazi," ukanipisha. Miaka ile ya mwisho sikuwa naenda kilabuni. Ulimsifu Mungu nimepunguza. Sikuwa nimepunguza. Nilikuwa nakunywa karakanani, ile ile ya kuyeyushia vanishi, kwenye kikombe cha gundi. Ulifunga kabati la jikoni kwa kufuli, na pombe ilikuwa kwenye rafu, umeinunua wewe, umeipanga wewe. Kila ulipoona chupa imepungua ulifurahi kwamba nina kazi nyingi.

Ndiyo maana sikukwambia. Niliona nikikueleza nitakuwa nimekutia kikombe mkononi kwa nguvu, kana kwamba wewe ndiye uliyeninywesha.

Kule kituoni daktari alisema nikiigusa tena hata macho yanaweza kuondoka. Nikaapa. Nilikuwa tayari kurudi Machi, nguo nimekunja. Ikaja barua yako: karakana imefagiwa, spiriti imeongezwa, na Chiriku ameambiwa baba atanuka vanishi. Nikaifungua nguo moja moja nikairudisha msumarini. Sikubaki kwa ajili ya Mama Viti. Nilibaki kwa kuiogopa karakana yangu mwenyewe, na nikaona haya kusema fundi mzima anaogopa rafu.

Mimi si seremala tena. Nikishika randa, mkono wa pili unatafuta kikombe. Kama unamtaka seremala, ni kweli, pangisha. Kama unaweza kukaa na msuka viti, niambie.

Sikukuficha kwa sababu yeye ni bora. Yeye nilimweleza kwa sababu hakuna nilichomvunjia.

Mumeo


15 Juni

Baba Chiriku,

Niliisoma barua yako nikaenda karakanani nikakaa juu ya meza yako ya kazi. Nilikuwa na hasira na wewe, halafu na zile chupa, halafu na pua yangu. Pua hii, ambayo niliiamini kuliko macho! Nilikuwa naisimamisha mlangoni kama askari, na mwizi anampigia saluti anapita.

Siku mbili nilishona mashuka mpaka usiku. Chiriku alisema kwa niaba yetu wote.

Jumamosi nikamwita yule seremala wa mtaa wa pili. Amebeba makopo, chupa, kikombe cha gundi pia. Sakafu nimeisugua kwa sabuni na maji ya moto. Harufu ikagoma. Nikagundua iko ndani ya mbao za meza, nikamwambia aibebe na meza. Aliniuliza bei, nikamwambia bei ni aiondoe kabla sijabadili mawazo. Kuta nimezipaka chokaa. Sasa panaonekana kama wodi, lakini panatoa harufu ya chokaa tu, na madirisha yako wazi mchana kutwa.

Chiriku alisimama mlangoni akaanza kulia. "Sasa baba atanuka nini?" Harufu yako halisi hata mimi sijawahi kuinusa. Nilimwambia atakuja kukuuliza.

Hospitali ilitaka kuchoma kochi kuukuu la chumba cha wageni, kikalio kimetoboka. Nimeandika barua kwa mkuu wa stoo, wamenipa. Shemeji amelileta, liko katikati ya karakana. Ameniambia makochi ya namna hiyo yamejaa mjini na hakuna anayeyasuka. Njoo na henzerani ya kutosha. Wewe utakaa juu, mimi nitakaa chini. Mafundo nimeyazoea. Ila huko juu uwe unaniambia ua limefikia wapi, usiniache nikisie.

Sasa kuhusu yeye. Nimeanza kumwandikia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, ya pili ya shukrani, zote nimezichana kwa kuwa zote zilikuwa na uongo kidogo. Mwambie nimesoma, sikuchana yake. Mwambie hizo mvi za wivu wake nimeziona. Siwezi kumpenda bado. Ukicheka kibarazani kwangu nitasikiliza kama ni kicheko kile kile alichokisikia ndugu yako, na kikiwa kidogo zaidi nitajua. Hilo halijanitoka na sikuahidi kwamba litanitoka.

Lakini kanuni yao nimeielewa. Asiwe ndugu, asiwe mke. Mimi nitataka kusikia yote, na siku moja utanihurumia, utapunguza, utaanza tena kunipa mazuri. Basi hamu ikija ukiwa hapa, kaa, mwandikie yeye. Yote. Sitaifungua bahasha. Nitakuwa chini ya kochi nakaza uzi.

Stempu nimenunua, ziko kwenye droo ya juu. Karani wa posta aliuliza, "Za kumwandikia mumeo tena?" Nikamwambia hapana, mume wangu anarudi, ni za kumwandikia mwanamke mwingine. Amebaki mdomo wazi. Nimechukua karatasi nzima ya stempu.

Mkeo